NGAZI YA UFUNDI: KUTOKA KARAKANA YA SHULE HADI CHUO NA KAZI

Ndugu Mhariri ameniomba niandike machache juu ya historia ya masomo ya ufundi katika nchi yetu, kwa kuwa shule yetu sasa imo katika mkondo wa amali, na vijana wanaosoma hapo wamekuwa wakituuliza sisi wazee wao swali moja: "Mkondo huu utatufikisha wapi?" Swali hilo ni la haki kabisa. Mimi nililiuliza mwaka 1971 nilipoingia Kidato cha Kwanza, na walionitangulia waliliuliza pia. Basi katika makala haya nitaeleza jinsi ngazi ya kutoka karakana ya shule hadi chuo na kazi ilivyojengwa, mahali ilipokatika, na mahali inapoungwa sasa. Neno kidato lenyewe asili yake ni pale pa kukanyagia mtu apandapo mnazi. Mpanda mnazi hatazami kidato kimoja tu, hutazama pia kama kipo kinachofuata.

Mwanzo Wake

Masomo ya ufundi shuleni si jambo geni kwetu. Wakati wa Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza katika miaka ya 1890, ilifundisha useremala na kazi ya kupiga chapa pamoja na kusoma na kuandika. Gazeti la Kiongozi, ambalo wengi tunalisikia katika historia ya Kiswahili, lilipigwa chapa na shule hiyo. Mwanafunzi aliona kwa macho yake kazi aliyojifunza ikitoka na kusomwa nchi nzima.

Walipokuja Waingereza mambo yakawa mengine. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dokta Aggrey, mwana wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Tume ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ifuate mazingira yake: kilimo, afya na kazi za mikono. Ushauri huo ulikuwa na mema yake, lakini wazazi wetu walikuwa na macho. Waliona kwamba karani ajuaye Kiingereza ndiye aliyeketi ofisini na kupokea mshahara wa kila mwezi, na kwamba walioshauri jembe na randa kwa mtoto wa Mwafrika hawakuwapeleka watoto wao wenyewe huko. Hapo ndipo ilipoota ile shaka ambayo haijaisha mpaka leo, kwamba elimu ya ufundi ni elimu ya kumweka mtu chini. Nawaomba vijana waikumbuke asili hiyo, maana si kweli kwamba wazee wetu walidharau kazi. Walichokataa ni kufungiwa mlango wa mbele.

Mwaka 1951 ilifunguliwa shule ya ufundi ya Ifunda, karibu na Iringa, mahali ambapo wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland. Mwaka 1957 ikafuata ya Moshi. Shule hizo zilichukua vijana waliomaliza darasa la nane. Walifunzwa miaka mitatu shuleni, kisha wakapelekwa kwa mwajiri miaka miwili wafanye kazi chini ya uangalizi, ndipo wahesabiwe kuwa mafundi. Waashi, maseremala, mafundi bomba na mafundi wa magari wa wakati wa Uhuru wengi wao walipita huko.

Mpango huo ulikuwa na jambo moja zuri na moja baya. Zuri ni kwamba kazi ilikuwa sehemu ya mafunzo yenyewe. Kijana hakuachwa getini na cheti mkononi akatafute bwana wa kumwajiri. Baya ni kwamba njia iliishia hapo. Fundi wa Ifunda hata awe hodari namna gani, hakuwa na pa kupitia kwenda sekondari wala chuo cha juu. Mwaka huohuo wa 1957 palianzishwa Dar es Salaam mahali pa mafunzo ya juu zaidi ya ufundi, ambapo baadaye pakawa Chuo cha Ufundi, Dar Tech kama tulivyozoea kukiita. Lakini kati ya shule za ufundi na chuo hicho palikuwa na pengo, kama ngazi iliyopungukiwa kidato cha katikati.

Baada ya Uhuru

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 wahandisi na mafundi sanifu Waafrika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mpango wa kwanza wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1964, ukaweka shabaha kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi za juu. Shabaha hiyo isingefikiwa kwa mafundi wa darasa la nane peke yao. Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1960 shule za ufundi za Ifunda na Moshi ziligeuzwa kuwa sekondari za ufundi, na baadaye zikaongezeka nyingine, mpaka wengi wakazijua zile saba: Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Iyunga na Bwiru Wavulana.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, na katika miaka ya 1970 shule zote za sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Taifa, na mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua Kitivo cha Uhandisi. Vijana watazame tarehe hizo kwa makini. Katika muda usiofika miaka kumi vidato vyote vilikuwa vimewekwa: sekondari yenye karakana, mtihani wa taifa uliohesabu ufundi kuwa somo kamili, chuo cha mafundi sanifu, na kitivo cha wahandisi humuhumu nchini.

Tulivyosoma

Katika siku zetu, Kidato cha Kwanza na cha Pili tulizunguka karakana zote: mbao, uashi, chuma na umeme. Kidato cha Tatu ndipo mtu aliposhika fani yake. Katika karakana ya chuma kazi ya kwanza ilikuwa kupiga tupa. Ulipewa kipande cha chuma ukakifunga kwenye jiliwa, ukakipiga tupa mpaka pande zake zote zikae sawasawa na guniya. Mwalimu alikiinua mbele ya dirisha, na mwanga ukipenya kati ya guniya na chuma, ulirudi kwenye jiliwa. Kazi hiyo ilituchukua majuma mengi, na wengine waliilalamikia. Kumbe ndiyo iliyotufundisha kwamba kipimo hakina upendeleo. Jioni mtunza stoo alihesabu tupa, nyundo na keekee zote, na hakuna aliyetoka mpaka hesabu itimie.

Pamoja na hayo tulisoma hisabati, fizikia, kemia, Kiswahili na Kiingereza kama wenzetu wa shule nyingine, na mtihani wetu wa Kidato cha Nne ulikuwa uleule. Jambo hili ni kubwa. Kijana wa ufundi aliyefaulu aliweza kwenda Kidato cha Tano kama mwingine yeyote, au akaenda chuo cha ufundi kusomea cheti cha fundi sanifu, FTC, kwa miaka mitatu. Mpaka 1978 Dar Tech kilikuwa kimepata mwenzake, Chuo cha Ufundi Arusha, kilichojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, na mwaka 1986 kikafunguliwa cha Mbeya. Aliyemaliza FTC vizuri aliweza kusoma stashahada ya juu ya uhandisi, au kuomba Chuo Kikuu baada ya kufanya kazi.

Mimi nilipita njia hiyo. Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1974, nikasomea FTC ya mitambo, nikafanya kazi miaka mitatu katika kiwanda cha shirika la umma, kisha nikaingia Kitivo cha Uhandisi nikiwa mtu mzima. Mwaka wa kwanza wenzetu waliotoka Kidato cha Sita walituacha mbali katika hesabu za juu, tukakesha nazo. Lakini tulipoingia karakana na kwenye michoro, wao ndio waliokuja kutuuliza. Mpaka mwaka wa mwisho tulikuwa tumesaidiana, na sikuona tofauti tena.

Nikitazama nyuma, naona ngazi hiyo ilisimama kwa sababu tatu. Kwanza, mtihani wa ufundi ulitambuliwa na kila aliyekuwa juu yake. Pili, vyuo vilizitegemea sekondari za ufundi kwa wanafunzi wake, kwa hiyo mwalimu wa shule alijua chuo kinataka nini. Tatu, Serikali na mashirika ya umma yalikuwa yakiwasubiri wahitimu, na kupangiwa kazi ilikuwa jambo la kawaida. Sababu hii ya tatu ndiyo iliyokuwa dhaifu, ingawa wakati ule hatukuiona hivyo.

Ambao Ngazi Haikuwafikia

Haingekuwa haki kuisifu ngazi hiyo bila kuwakumbuka ambao haikuwafikia. Tulikuwa na mwenzetu mmoja darasani, ambaye jina lake sitalitaja, aliyetushinda wote kwenye mashine ya kukereza vyuma. Mtihani wa Kidato cha Nne haukumwendea vizuri kwa sababu ya Kiingereza na hisabati. Akaajiriwa kiwandani kama mwanagenzi, akafanya mitihani ya ufundi, akapata gredi ya tatu, ya pili, na hatimaye gredi wani. Alipoomba kujiunga na chuo kimoja cha ufundi alijibiwa kwamba gredi zake si sifa ya kuingilia. Arudie kwanza masomo ya Kidato cha Nne. Wakati huo alikuwa na mke na watoto watatu. Akabaki fundi mchundo mpaka alipostaafu. Kwa miaka hiyo yote aliwafundisha kazi mafundi sanifu na wahandisi vijana waliokuja kuwa wakubwa wake, mmojawapo akiwa mimi ninayeandika haya.

Kisa chake hakikuwa cha mtu mmoja. Sheria ya mafunzo ya ufundi stadi ya mwaka 1974 iliweka mafunzo hayo na mitihani ya gredi chini ya Wizara ya Kazi. Sekondari za ufundi zilikuwa chini ya Wizara ya Elimu. Hivyo ilikuwapo miti miwili iliyosimama karibu bila kugusana matawi. Aliyepanda mti wa gredi alifika kileleni mwake akakuta hakuna pa kuvukia. Wasichana nao, katika shule nyingi za ufundi za wakati ule, hawakuonekana kabisa, au walikuwa wachache mno.

Ilivyokatika

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mambo yakawa magumu. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu. Katika karakana mashine zilikuwapo, ila vyuma, mbao, nyaya na vipuri havikuwapo. Mwanafunzi hawezi kujifunza kuchomelea kwa kuchora ubaoni.

Wakati huohuo wataalamu nao walikuwa wakihoji jambo lenyewe. Zamani, mwaka 1965, Philip Foster aliyechunguza mambo ya Ghana alikuwa ameandika kwamba vijana hawakimbii ufundi kwa ujinga. Wanatazama kazi ipi ina mshahara, nao wanajua hesabu kuliko wapangaji. Mwaka 1985 Psacharopoulos na Loxley wakatoa kitabu kwa ajili ya Benki ya Dunia juu ya michepuo katika nchi mbili, Kolombia na Tanzania. Walisema kwamba shule za ufundi zina gharama kubwa kuliko za kawaida, na kwamba gharama hiyo ya ziada haikuonekana kulipwa na wahitimu kupata kazi upesi au mishahara mikubwa zaidi. Mwaka 1991 Benki hiyo ikatoa sera iliyotaka sekondari zitilie mkazo masomo ya jumla, na mafunzo ya kazi yasogezwe karibu na waajiri.

Mimi si mchumi, lakini naona kitabu kile kilisema kweli kwa kile ilichopima, na kwamba kipimo chenyewe kilikuwa kifupi. Walipima walichopata wahitimu muda mfupi baada ya Kidato cha Nne. Lakini sekondari ya ufundi ilikuwa mlango wa chuo, na matunda yake yalionekana miaka minane au kumi baadaye. Ukipima urefu wa mnazi ukiwa mche, utasema haufai.

Hata hivyo pigo kubwa halikutoka vitabuni. Mashirika ya umma yaliyokuwa yakituajiri yalianza kuyumba, na katika miaka ya 1990 mengi yaliuzwa au kufungwa. Kile kidato cha juu, kazi, kikatoweka kwa miaka michache tu. Kisha vidato vya chini vikafuata. Michepuo ilififia, karakana nyingi zikafungwa au kugeuzwa stoo, walimu wa fani wakastaafu bila kuacha warithi. Ngazi tuliyopanda sisi ilikatika kuanzia juu kwenda chini, nalo ni fundisho kwa wanaojenga sasa.

Inavyoungwa Upya

Kazi ya kuunga ilianza kidogo kidogo. Mwaka 1994 iliundwa VETA, na waajiri wakatakiwa kuchangia mafunzo kwa tozo maalumu. Mwaka 1997 Dar Tech kikawa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na mwaka uleule ikapitishwa sheria ya kuunda NACTE, baraza la elimu ya ufundi. FTC ikaachia nafasi kwa stashahada za kawaida, na zikawekwa ngazi za tuzo za ufundi kuanzia ya 4 hadi ya 10, yaani kutoka cheti cha mwanzo hadi uzamivu. Chini yake zikawa tuzo za ufundi stadi za ngazi ya 1, 2 na 3, zilizochukua mahali pa gredi za zamani. Mwaka 2021 usimamizi wa ufundi stadi ukaunganishwa na wa baraza hilo, likaitwa NACTVET. Kwa maneno mengine, ile miti miwili niliyoitaja imepewa shina moja. Hesabu inasomeka mfululizo kutoka moja hadi kumi, na kijana wa leo aliye kama yule mwenzetu ana pa kukanyagia.

Chuo cha Mbeya sasa ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Zile sekondari saba za zamani zilianza kukarabatiwa, na Chato na Mwadui zikaongezwa kwenye orodha. Halafu likaja toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, na Januari 2024 wanafunzi wa kwanza wa Kidato cha Kwanza wakaingia mkondo wa amali katika shule zilizochaguliwa. Mkondo huo unakusudia kwamba kijana amalize sekondari akiwa na elimu ya Kidato cha Nne pamoja na tuzo ya ufundi stadi. Hilo la mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja sisi hatukuwa nalo.

Lakini kidato cha juu kabisa bado ndicho chenye wasiwasi. Mashirika yaliyotusubiri sisi hayapo tena kwa wingi ule. Waajiri wa leo ni makampuni, makandarasi, gereji, karakana za mitaani na wale waliojiajiri wenyewe, na hao hawapangiwi na Wizara. Kama historia ina maana yoyote, hapa ndipo penye hatari, maana mara ya kwanza pia ngazi ilianza kukatikia hapo.

Neno kwa Vijana na kwa Wenzangu

Ninyi mnaosoma sasa, nawaambia mambo matatu. Hisabati na Kiingereza msiviache kwa sababu mnapenda karakana. Wengi walioshindwa kuvuka kwenda chuo walikwama hapo, na mikono yao ilikuwa hodari. Kila kazi mnayoifanya iandikeni katika daftari: tarehe, mchoro, vipimo, na kilichoharibika. Tena msiseme mmewekwa amali kwa kuwa hamkufaa kwingine. Vyaelea vimeundwa, na waliounda walianza kwa tupa na guniya.

Na kwenu wenzangu tuliosoma zamani: miongoni mwetu wamo wenye gereji, wamo makandarasi, wamo waliostaafu kutoka viwandani, bandarini na reli. Wanafunzi wa amali wanahitaji mahali pa kujifunza kazi kwa vitendo wakati wa likizo. Vijana wa Ifunda wa mwaka 1951 walipewa miaka miwili kwa mwajiri; sisi tushindwe kutoa majuma sita? Napendekeza kila mwenye karakana awapokee japo wawili kwa mwaka, awape ovaroli na nauli, awaangalie, na mwisho aandike barua ya kweli juu ya kazi yao. Pia wastaafu wenye gredi wani waitwe shuleni kufundisha siku mbili kwa juma, kwa posho itakayochangwa na sisi wenyewe. Jina la yule mwenzetu wa mashine ya kukereza nimelipeleka kwa Mkuu wa Shule. Amekubali kuja, na ameomba jambo moja tu, kwamba mashine ipakwe mafuta kabla hajafika.

Orodha ya kujiandikisha kupokea wanafunzi itakuwa mezani kwa Katibu siku ya mkutano. Mimi nimekwisha kuweka sahihi kwa ajili ya wawili.